Oksijeni unayovuta inaishia wapi hasa? Uzi wa umbo la COX1, kipande kikuu cha Kompleksi IV

Hadubini (#1)

Wakuu, salaam.

Jukwaani humu uzi wa mitokondria ukianzishwa hauchukui muda unaishia kwenye sentensi ileile, kwamba mitokondria ndiyo mtambo wa nishati wa seli, halafu anatokea mtu anauza virutubisho. Leo naomba tukae mahali pamoja tu, tena padogo mno: nafasi ya takribani angstromu 5 kati ya atomu moja ya chuma na atomu moja ya shaba. Angstromu moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni kumi. Zaidi ya asilimia 90 ya oksijeni mnayoitumia, mkisoma uzi huu, mwisho wa safari yake ni hapo.

Nafasi hiyo imo ndani ya protini iitwayo COX1, yaani kipande cha kwanza cha saitokromu c oksidesi. Saitokromu c oksidesi ndiyo Kompleksi IV, kituo cha mwisho cha mnyororo wa upumuaji katika utando wa ndani wa mitokondria. Kwa binadamu kompleksi hii ina vipande 14. Vitatu kati ya hivyo, COX1, COX2 na COX3, jeni zake ziko kwenye DNA ya mitokondria yenyewe. Kumi na moja vilivyobaki jeni zake ziko kwenye kiini cha seli. Vinaundwa nje, kisha vinaingizwa ndani. Kemia yote inafanyika COX1 na COX2. COX3 haina metali hata moja.

Sasa umbo. COX1 ya binadamu ni mnyororo wa asidi amino 513, na karibu wote umezama ndani ya mafuta ya utando. Unaukatiza utando mara 12, kila mara ukiwa umejisokota. Kwa kuwa 12 ni shufwa, ncha zote mbili za mnyororo zinaishia upande mmoja, upande wa matriksi, yaani chumba cha ndani kabisa cha mitokondria. Ukiitazama kutoka juu, upande ambao saitokromu c, protini ndogo inayoleta elektroni, inatua, ile misokoto 12 imesimama kama nguzo za zizi, ila zizi hili lina vyumba vitatu: nguzo zimejipanga katika nusu duara tatu, na kila nusu duara imezunguka uwazi wake. Katika nafasi mbili kati ya hizo tatu ndimo zilimo himu. Himu ni molekuli bapa yenye atomu ya chuma katikati, ndugu wa ile iliyomo kwenye himoglobini ya damu. COX1 ina mbili: himu a na himu a3.

Himu a imeshikwa na histidini (aina ya asidi amino) mbili, namba 61 na namba 378 kwenye mnyororo. Himu a3 imeshikwa na histidini moja, namba 376. Hebu ziangalieni hizo namba tena: 376 na 378. Msokoto mmoja, wa kumi, ndio unaoshika himu zote mbili, hii upande huu na ile upande ule, na kati ya hizo histidini kuna asidi amino moja tu. Mimi hapa ndipo nilipoipenda protini hii.

Chuma cha himu a kimeshikwa juu na chini, hakina pa kupokea mgeni, kwa hiyo kazi yake ni kupokea elektroni na kuipitisha. Chuma cha himu a3 upande mmoja kiko wazi, na upande huo unatazamana na atomu ya shaba iitwayo CuB, ambayo nayo imeshikwa na histidini tatu: 240, 290 na 291. Oksijeni inaingia hapo katikati.

Nitaendelea, ila nawapa nafasi ya maswali kwanza.

Chuma Chakavu (#2)

Kumbe siku zote chuma ndicho kinachopumua na mapafu yanasifiwa bure. Nimevuta kiti mkuu, shusha nondo.

Mwalimu wa Zamu (#3)

Mkuu Hadubini, nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita. Vitabu vyetu vinaandika kwamba oksijeni ni mpokeaji wa mwisho wa elektroni, maji yanatokea, sura imefungwa. Kila mwaka kuna mwanafunzi anauliza: kwa nini ijengwe protini kubwa hivi? Kwa nini oksijeni isijichukulie elektroni yenyewe moja moja inapopita? Naomba jibu linalotokana na umbo, lisiwe la "kwa sababu mwili umeumbwa hivyo".

Hadubini (#4)

Mwalimu, huyo mwanafunzi mpe alama zote.

Oksijeni ikipewa elektroni moja inageuka supaoksidi. Ikipewa mbili inageuka peroksidi. Ikipewa tatu unaweza kupata radikali ya haidroksili, na hiyo inashambulia chochote kilicho jirani: mafuta, protini, DNA. Ikipewa nne, pamoja na protoni nne, ndipo inakuwa molekuli mbili za maji na mambo yanaisha salama. Tatizo ni kwamba saitokromu c inabeba elektroni moja tu kwa safari. Elektroni zinakuja moja moja, oksijeni inazitaka nne kwa mkupuo.

Angalieni COX1 inavyolitatua hili. Kwanza, chuma cha himu a3 kikiwa katika hali ya +3 hakiishiki oksijeni kabisa. Inabidi elektroni mbili ziingie, moja ikipunguza chuma kuwa +2 na nyingine ikipunguza CuB kuwa +1. Hapo ndipo oksijeni inashikwa. Ikishashikwa haiachiwi: chuma kinatoa elektroni mbili kwa mpigo, kikiruka kutoka +2 hadi +4. Shaba inatoa moja. Hizo ni tatu. Ya nne inatoka kwa asidi amino nyingine, tairosini namba 244, iliyokaa palepale ubavuni.

Na hiyo tairosini si ya kawaida. Imeungwa kwa kiungo imara cha kikemia na histidini namba 240, mojawapo ya zile zinazoshika CuB. Kwenye msokoto, asidi amino nne mbele ni karibu mzunguko mmoja kamili, kwa hiyo 240 na 244 zinaangalia upande mmoja na zinaweza kuungana. Kiungo hiki hakijaandikwa popote kwenye jeni. Kinatokea baada ya protini kuundwa, na kilianza kuonekana kwenye picha za mwaka 1997 na 1998, miaka kadhaa baada ya umbo lenyewe kujulikana. Kabla ya hapo watu walikuwa wanajiuliza elektroni ya nne inatoka wapi.

Kwa hiyo kile kifungo kati ya atomu mbili za oksijeni kinakatwa kwa hatua moja, bila peroksidi kuponyoka. Baadaye elektroni nne za saitokromu c zinaingia moja baada ya nyingine kulipa deni: zinapitia kwanza CuA, ambayo ni shaba mbili zilizomo COX2, kisha himu a, kisha zinafika a3. Ndiyo maana mkisoma habari za supaoksidi katika mitokondria mtakuta lawama zinaangukia Kompleksi I na III, vituo vya nyuma vya mnyororo huohuo. Kompleksi IV, ambayo ndiyo inayoishika oksijeni yenyewe, haitajwi sana.

Binti Pangani (#5)

Asante kaka Hadubini. Mimi ni muuguzi, kitengo cha dharura. Tulifundishwa kwamba mgonjwa wa sianidi damu yake ya vena inaweza kuwa nyekundu ya kung'aa, kwa sababu oksijeni ipo ila seli haziitumii, na asidi ya laktiki inapanda haraka. Je, sianidi inakaa kwenye hiyo hiyo nafasi ya angstromu 5? Na hawa tunaoletewa waliolala na jiko la mkaa chumbani, nao ni hapohapo?

Hadubini (#6)

Dada, sianidi ni hapohapo. Inakaa kwenye chuma cha himu a3, upande ule ulio wazi, ikielekea CuB. Oksijeni inakosa pa kukaa, elektroni zinarundikana nyuma yake mnyororo mzima, na seli inarudi kwenye uchachushaji. Ndiyo asidi ya laktiki unayoiona. Dawa ya haidroksokobalamini mnayotumia inafanya kazi kwa sababu ina kobalti inayoishika sianidi kwa nguvu na kuiondoa kwenye mzunguko. Ikishaishika inakuwa aina ya vitamini B12 na kutoka kwa mkojo.

Kaboni monoksidi ya jiko ni habari tofauti kidogo. Shabaha yake kuu ni himoglobini. Lakini na yenyewe inaweza kukishika chuma cha himu a3 kikiwa +2, ikigombania nafasi na oksijeni. Jambo hili lina historia tamu. Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani, alitumia ukweli kwamba mwanga unaibandua kaboni monoksidi kutoka kwenye kimeng'enya cha upumuaji. Akawa anamulika seli zilizozuiwa na gesi hiyo, kwa rangi moja moja za mwanga, na kupima ni rangi ipi inarudisha upumuaji zaidi. Kwa njia hiyo akapata alama ya himu ndani ya kimeng'enya ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekitenga bado. Alipata Nobeli mwaka 1931.

Mla Makopa (#7)

Sasa mmefika kwetu. Mimi wa Mtwara. Hiyo sianidi si ndiyo ya muhogo mchungu? Wazee wetu wanajua muhogo upi unaliwa mbichi na upi lazima uandaliwe, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na watu waliopooza miguu ghafla, wakasema ni konzo. Hii COX1 inahusika?

Binti Pangani (#8)

Kaka, konzo iliripotiwa na Tarime pia, mlipuko wa mwaka 1985 wakati wa ukame. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa yote miwili, na hairudi. Haizidi kuwa mbaya, lakini haiponi. Wanaopata zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mara nyingi ni kaya inayokula muhogo mchungu tu, haujaandaliwa vya kutosha kwa sababu ya njaa, na hakuna protini kwenye sahani.

Hadubini (#9)

Binti Pangani amegusa pale penyewe: protini kwenye sahani. Mwili unaivunja nguvu sianidi kwa kuiunganisha na salfa, inakuwa thiosianeti, inatoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye asidi amino za chakula, methionini na sisteini. Asiyekula maharage, dagaa wala nyama, akala muhogo wenye sumu wiki baada ya wiki, anaishiwa silaha.

Ila mzee wa makopa, tusirahisishe. Kwamba sianidi inaziba COX1 ni jambo lililothibitika. Kwamba konzo yote inaelezwa na kuzibwa huko, hapana. Kuzibwa kwa COX1 kungetarajiwa kuumiza ubongo mzima na moyo, lakini konzo inachagua njia za neva zinazoendesha miguu. Watafiti wengine wanaelekeza kidole kwa sianeti na thiosianeti, yaani mazao ya sianidi yenyewe. Hilo halijafungwa.

Kwa upande wa jikoni, unga wa muhogo ukilowanishwa kwa maji, ukatandazwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinaikata linamarini, kemikali ya muhogo iliyobeba sianidi, na gesi ya sianidi inaruka hewani. Gesi hiyo inachemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, yaani la mchana wa kawaida tu. Kisha ugali usongwe siku hiyohiyo.

Thibitisha Kwanza (#10)

Samahani wakuu, naona mnakubaliana haraka mno. Histidini 376, tairosini 244, angstromu 5. Nani ameviona? Halafu mwanzisha uzi anasema vipande 14 wakati kitabu changu cha biokemia kinasema 13. Tuanzie hapo.

Chuma Chakavu (#11)

Nilijua atakuja. Uzi bila Thibitisha ni sawa na taarifa ya habari.

Hadubini (#12)

Karibu mkuu, hoja zako zote mbili zina uzito, na jibu lake ni moja.

Kitabu chako kinatokana na moyo wa ng'ombe. Kwa miongo kadhaa karibu kila tunachokijua kuhusu kimeng'enya hiki kwa mamalia kilitoka huko. Misuli ya moyo haipumziki, imejaa mitokondria, na machinjioni unapata mioyo kwa kilo. Mioyo ya binadamu hutapata kwa kilo, na heri iwe hivyo.

Mwezi Agosti 1995, ndani ya wiki moja, yalitoka maumbo mawili yaliyopatikana kwa kupiga fuwele za protini eksirei. Moja lilitoka Frankfurt, kundi la Hartmut Michel, ambaye alikuwa tayari na Nobeli ya mwaka 1988. Wao walitumia bakteria Paracoccus denitrificans. Protini za kwenye utando ni ngumu kugeuza fuwele kwa sababu sehemu kubwa inayogusana na mafuta haitaki kushikamana kwa mpangilio, kwa hiyo waliibandika kipande cha kingamwili ili fuwele ipate pa kushikia. Jingine lilitoka Japani, kundi la Tomitake Tsukihara na Shinya Yoshikawa, kwa moyo wa ng'ombe. Yote mawili yalikuwa na ukali wa picha wa angstromu 2.8 (namba ikiwa ndogo, picha ni kali zaidi). Mwaka 1996 Wajapani wakatoa umbo zima la vipande 13, na mwaka 2003 wakashuka hadi angstromu 1.8, ambapo asidi amino moja moja inaonekana waziwazi.

Linganisha COX1 ya bakteria na ya ng'ombe: misokoto 12 ileile, himu mahali palepale, histidini zilezile. Bakteria huyu ni wa lile kundi ambalo mitokondria zinahesabiwa kuwa za ukoo wake. Ya ng'ombe na ya binadamu ndizo karibu zaidi, hata zile namba nilizotaja haziachani.

Sasa cha 14. Kuna protini ndogo iitwayo NDUFA4, ambayo jina lake lenyewe linaonyesha ilidhaniwa ni ya Kompleksi I. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba ni ya Kompleksi IV. Mwaka 2018 kundi la Yang Maojun la Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, likatoa umbo la kompleksi ya binadamu yenyewe, kutoka seli zilizokuzwa maabara, kwa hadubini ya elektroni yenye sampuli iliyogandishwa, ukali wa picha wa angstromu 3.3. NDUFA4 ikaonekana imekaa mahali ambapo, kwenye fuwele za ng'ombe, kompleksi mbili zilikuwa zimegandana. Wakapendekeza kwamba sabuni za kusafishia protini ziliiondoa NDUFA4 kwenye sampuli za ng'ombe, ndipo zikapata nafasi ya kugandana pacha. Kwa hiyo kitabu chako hakikudanganya, kimepitwa tu.

Thibitisha Kwanza (#13)

Hapo nimekuelewa. Naondoa pingamizi la kwanza na la pili. La tatu nalitafuta.

Mwalimu wa Zamu (#14)

Kabla hajalipata, turudi kwenye protoni. Tunafundisha kwamba Kompleksi IV inasukuma protoni. Zinapita wapi kama COX1 imezama kwenye mafuta na imezibwa na himu?

Hadubini (#15)

Kwanza hesabu. Kwa kila molekuli moja ya oksijeni, kimeng'enya kinachukua protoni nane kutoka matriksi. Nne zinaingia kwenye maji. Nne zinasukumwa kuvuka utando. Hizi za pili zilizua ugomvi mkubwa. Mårten Wikström wa Helsinki alizionyesha mwaka 1977, na aliyepinga kwa miaka ni Peter Mitchell mwenyewe, baba wa nadharia nzima ya protoni, aliyepata Nobeli mwaka 1978. Baadaye alikubali.

Protoni haihitaji tundu la wazi. Inaruka kutoka molekuli ya maji hadi nyingine, au kwenda kwa asidi amino inayoweza kuishika na kuiachia. Ndani ya COX1 kuna misururu ya maji machache na asidi amino za aina hiyo, inayoanzia upande wa matriksi. Njia D inaanzia asidi aspatiki namba 91 na kupanda hadi asidi glutamiki namba 242, ambayo ni kama njiapanda: kutoka pale protoni inaweza kwenda kwenye oksijeni au kwenda kusukumwa nje. Njia K imepewa jina la lisini namba 319, na inaishia karibu na ile tairosini 244.

Halafu kuna njia H. Kundi la Yoshikawa linasema kwa mamalia protoni zinazosukumwa zinapita njia hii ya tatu, pembeni mwa himu a, na wanaonyesha asidi aspatiki namba 51 inayosogea kimeng'enya kinapobadili hali. Wengine wanakataa: waliibadilisha njia hiyo kwenye hamira, usukumaji ukaendelea kama kawaida, na kwenye bakteria njia D peke yake inatosha. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sababu sioni kwa nini mashine iliyobaki ileile tangu bakteria ibadilishe pampu yake bila kubadilisha kitu kingine. Lakini hamira si ng'ombe, na hoja hiyo watu wa Japani wanaijua.

Thibitisha Kwanza (#16)

Pingamizi la tatu limepatikana: umechagua upande kwa "sioni kwa nini".

Hadubini (#17)

Nimechagua, na sababu nimeitoa. Leta ushahidi wa mamalia wenye njia D iliyozibwa na usukumaji unaoendelea, nahama leo.

Bwana Shamba wa Kongwa (#18)

Nimesoma kimya tangu mwanzo, kumbe hii COX1 naijua kwa jina lingine. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, sampuli zilizopelekwa maabara zilikuwa zinapimwa jeni ya COI. Ndiyo hiihii?

Hadubini (#19)

Ndiyo hiihii, ya mdudu. Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, na wenzake walipendekeza kutumia kipande cha mwanzo cha jeni hii, herufi zipatazo 650, kama kitambulisho cha spishi za wanyama. Kiwavi mdogo ni vigumu kumtambua kwa macho, lakini herufi zake zinamtaja.

Na sababu ya kufanya kazi iko kwenye umbo. Protini yenyewe haithubutu kubadilika ovyo: ukigusa histidini zile, mnyama hapumui. Lakini asidi amino nyingi zinaandikwa kwa kodoni (neno la herufi tatu za DNA) zaidi ya moja, na tofauti mara nyingi iko kwenye herufi ya tatu. Kwa hiyo herufi za tatu zinabadilika kizazi hadi kizazi bila protini kujua. Unapata jeni yenye sehemu tulivu za kushikia vianzio vya maabara (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia upimaji), na sehemu zinazobadilika za kutofautisha spishi, ndani ya herufi 650.

Mama Kulwa (#20)

Swali la mtu asiye wa sayansi. Umesema vipande 11 jeni zake ziko kwenye kiini. Kwa nini hivi vitatu havikuhama? Si kiini ndiko salama zaidi?

Hadubini (#21)

Mama, swali lako lina wataalamu wake na bado hawajapatana. Naweka wanachosema.

Kundi moja linasema ni mafuta. COX1 ina misokoto 12 inayopenda mafuta. Ikiundwa nje ya mitokondria, seli ingeiona ni protini ya utando mwingine na kuipeleka kusikohusika, au ingejikunja njiani kabla ya kufika. Ndani ya mitokondria inachomekwa kwenye utando papohapo inapoundwa, huku wasaidizi wakiiwekea himu na shaba. Kundi la pili, linaloongozwa na hoja za John Allen wa Uingereza, linasema jeni zimebaki karibu ili mitokondria iongeze au ipunguze vipande kulingana na hali ya elektroni palepale, bila kusubiri amri ya mbali. Halafu kuna kikwazo cha lugha: katika mitokondria ya binadamu kodoni UGA inamaanisha triptofani, kwenye kiini inamaanisha simama. Jeni ikihama bila kutafsiriwa upya inatoa protini iliyokatika.

Na kuhama kunawezekana. Kwenye kunde, hizi tunazokula, jeni ya COX2 imehamia kwenye kiini. COX2 ina misokoto miwili tu ndani ya utando. COX1 haijafanya hivyo. Kimelea cha malaria kimebakiwa na DNA ya mitokondria ya herufi kama 6,000 tu, dhidi ya 16,569 za kwetu, na ndani yake kuna jeni tatu tu za protini. COX1 ni mojawapo.

Binti Pangani (#22)

Na magonjwa? Nimewahi kusikia watoto wa ugonjwa wa Leigh, ule wa kurithi unaoharibu ubongo, wana upungufu wa Kompleksi IV.

Hadubini (#23)

Ndiyo, lakini mara nyingi kosa haliko COX1. Liko kwa wale wasaidizi wa kuunda. Anayejulikana zaidi ni SURF1, jeni yake iko kwenye kiini na ilihusishwa na Leigh mwaka 1998. COX10 na COX15 zinatengeneza himu a. COX11 inahusika na kuweka CuB. Msaidizi mmoja akikosekana, COX1 inaundwa lakini inabaki bila metali zake, na seli inaivunja. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na jeni nzima ya COX1 kutoka kwa mama yake na bado Kompleksi IV ikawa haipo.

Nguzo ya Kumi (#24)

Nimejisajili leo kwa ajili ya uzi huu. Natumia simu tu. Naweza kuliona umbo lenyewe?

Hadubini (#25)

Unaweza. Ingia kwenye hazina ya maumbo ya protini, Protein Data Bank, andika 5Z62. Hilo ni la binadamu, la mwaka 2018. Ficha kila kitu ubakize mnyororo A, hiyo ndiyo COX1. Tafuta HEA, ndizo himu, na CU, ndiyo CuB. Ukitaka kuona kile kiungo cha histidini 240 na tairosini 244, angstromu 3.3 hazitoshi; fungua 1V54, ya ng'ombe, iliyopigwa kwa angstromu 1.8. Usianze na umbo lililobashiriwa na AlphaFold, programu ya kompyuta. Mnyororo wameukunja vizuri kweli, lakini ndani hakuna himu wala shaba, na hivyo ndivyo tulivyovifuata.

Nguzo ya Kumi (#26)

Imefunguka! HEA nimezipata mbili. Lakini juu yake kidogo kuna nukta nyingine peke yake, imeandikwa MG. Hukuitaja.

Hadubini (#27)

Magnesiamu. Imekaa kwenye mpaka wa COX1 na COX2: histidini 368 na asidi aspatiki 369 za COX1 zinaishika upande huu, asidi glutamiki 198 ya COX2 upande ule. Haibadili hali wala haipitishi elektroni. Lakini zungusha picha uangalie maji yaliyoizunguka. Wengi wanaamini maji yanayotengenezwa kwenye himu a3 yanatokea njia hiyo, na protoni zinazosukumwa zinapita jirani. Kwenye 1V54 maji yanaonekana zaidi, yahesabu uniambie umeona mangapi kati ya MG na himu.